Ndama wa Mama Lusajo na Diski Isiyopondwa

Sogeeni karibu, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali na sitamruka mtu. Jambo hili nimewahi kuwasimulia wazee wenye ndevu, wakarushiana maneno mpaka chai ikapoa. Nikawasimulia watoto wa darasa la nne, wakanijibu haraka haraka, kila mmoja na jibu lake.

Palikuwa na watu watatu katika Ushirika wa Maziwa wa Itulilo, huko milimani kwenye baridi na majani mengi.

Wa kwanza aliitwa Subilaga, na kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Ukimwambia leo kwamba ng'ombe wako amezaa saa nne asubuhi, baada ya miaka miwili atakuuliza yule ndama wa saa nne anaendeleaje. Ndiye aliyeanzisha hifadhidata ya ushirika akaitunza miaka tisa. Kisha ukuu wa ofisi akapewa mtu mwingine, naye akaondoka kwa hasira, akafungua kibanda cha kushona sare za shule. Aliapa kwamba hatatia mguu pale tena.

Wa pili aliitwa Kasyupa, mtunza stoo, na kipaji chake kilikuwa kutotupa kitu. Msumari uliopinda aliunyoosha, ndoo iliyotoboka aliifanya kiota cha kuku. Mkewe alishamwambia mara nyingi kwamba siku moja atamtupa yeye, angalau nyumba ipate nafasi.

Wa tatu alikuwa Gwamaka, fundi wa kompyuta, na kipaji chake kilikuwa subira. Mpe uzi uliojisokota asubuhi, jioni utamkuta ameunyoosha wote na wala hajanuna. Ila alikuwa na hili: kilichobaki, siku zote aliamini atakimalizia kesho.

Sasa niwaambie hifadhidata ni nini, maana bila hilo mtapotea njiani. Ni ghala la kumbukumbu. Ukikaa mbele ya kioo unaona majedwali yamepangwa vizuri: jedwali la wanachama, jedwali la ng'ombe, jedwali la chanjo. Unadhani yanakaa pamoja. Hayakai. Chini yake kuna mafaili, na ndani ya mafaili maandishi yamekatwa kurasa kurasa, na kila faili lina namba tu badala ya jina. Jedwali moja laweza kulala kwenye diski hii na jirani yake kwenye diski nyingine kabisa, na programu peke yake ndiyo inayojua nani kalala wapi. Tena kila toleo kubwa la programu lina namna yake ya kusoma kurasa hizo. Ukilitupia toleo jipya kurasa za toleo la zamani hivi hivi, litazikataa. Lazima zihamishwe kwa utaratibu. Basi, mmejua ya kutosha.

Miaka ya nyuma, wakati wa Subilaga, diski ya mashine ya ushirika ilijaa. Akanunua diski ya nje, kisanduku cheusi kinachounganishwa kwa waya, akahamishia huko jedwali la chanjo na mengine machache. Hakuandika popote. Mtu anayekumbuka kila kitu ataandika ili iweje? Siku alipoondoka, aliondoka nalo kichwani.

Ukafika wakati ushirika ukanunua mashine mpya ili uhamie toleo jipya. Gwamaka akahamisha vilivyokuwa kwenye mashine kubwa. Kile kisanduku alishakichomoa mapema pamoja na nyaya nyingine, hakujua ni cha nini. Alipofika kwenye jedwali la chanjo, programu ikagoma: mafaili hayaonekani. Akatengeneza jedwali tupu lenye jina lile lile ili kazi isonge, akajiandikia kwenye kikaratasi kwamba arudi hapo. Kesho yake mtambo wa kupozea maziwa ukaharibika, akaitwa huko, kikaratasi kikapotea. Kwa kuwa msimu wa chanjo ulikuwa umepita, hakuna aliyelifungua lile jedwali. Na nakala za akiba, kama mtu anataka kuniuliza, zilikuwa za mashine kubwa tu.

Meneja, yule aliyepewa ukuu wa ofisi, akatoa amri vifaa vyote vya zamani vipondwe kwa nyundo, taarifa za wanachama zisiangukie mikononi mwa watu baki. Kasyupa akaiponda mashine kubwa mpaka ikawa makombo. Akakishika kisanduku cheusi. Kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo! Moyo ukamkatalia. Akatia saini kwamba vyote vimepondwa, akakipeleka nyumbani kwake kikawa cha kugandamizia kifuniko cha pipa la pumba, panya wasiingie.

Miezi mitano baadaye ikaja homa ya mapafu ya ng'ombe. Ilianzia kwa jirani wa Mama Lusajo, na Mama Lusajo ni mjane mwenye ng'ombe sita, ambao ndio shamba lake, ndio ada za watoto wake, na yeye mwenyewe husema ndio waume zake. Walikuwa wamekunywa kwenye hori moja na wale wagonjwa wa jirani. Afisa mifugo akaja Jumanne, akasema aliyechanjwa atatengwa na kuangaliwa, na asiye na uthibitisho wa chanjo atachinjwa. Akampa Mama Lusajo mpaka Ijumaa saa sita mchana.

Ng'ombe wote sita walikuwa wamechanjwa, kijiji kizima kilijua. Lakini kadi za karatasi ushirika ulizikusanya siku kompyuta ilipofika ukazichoma moto, tena kwa vigelegele. Mama Lusajo akaenda ofisini mbio. Wakalifungua jedwali la chanjo. Patupu.

Meneja akaanza kuulaumu umeme. Umeme wa kule kwetu haujitetei, ungebeba lawama hiyo na yangekwisha. Gwamaka akasimama mbele ya watu.

"Si umeme, mama," akasema. "Ni mimi. Niliacha jedwali tupu nikasema nitarudi, sikurudi."

Mficha uchi hazai. Kama angenyamaza, watu wote wangekaa wakisubiri fundi wa umeme mpaka Ijumaa ipite. Mama Lusajo alilia, na kilio kile Gwamaka anasema anakisikia mpaka leo.

Akatoka hapo akaenda kibandani kwa Subilaga. Dada yule hakuinua hata macho, akaendelea kukanyaga cherehani. Alimwambia kwamba ushirika ulipomwona hafai haukumwuliza kitu, sasa kimetokea nini mpaka amefaa? Gwamaka akakubali kwamba ni kweli hawakumtendea haki, akamweleza habari za ng'ombe. Subilaga akauliza ni wa nani. Aliposikia ni wa Mama Lusajo, akaweka kitambaa chini, akavaa viatu. Kiapo chake akakivunja njiani, na humo ofisini hakumsalimu meneja, ila alisema wazi: jedwali la chanjo halijawahi kukaa kwenye mashine kubwa, lilikaa kwenye kisanduku cheusi.

Meneja akafungua daftari la stoo. Saini ya Kasyupa ilikuwa pale, kwamba vyote vimepondwa. Kasyupa akaitwa. Alijua kwamba kusaini uongo pale ushirika ni kosa la kufukuzwa kazi, na yeye ana watoto saba.

"Nilisaini uongo," akasema. "Kiko nyumbani, kwenye pipa la pumba."

Akiba haiozi. Kikaletwa, kina vumbi la pumba kila upande.

Mnadhani imekwisha? Bado. Toleo jipya lilikitazama kile kisanduku kama mgeni. Gwamaka akaazima kompyuta kuukuu ya shule ya sekondari, akalisimika humo toleo la zamani. Ndani ya diski mlikuwa na mafaili mia moja na arobaini, yote namba tupu, na orodha ya kuonyesha lipi ni lipi ilipondwa pamoja na mashine kubwa. Subilaga akakumbuka lipi ni la chanjo, maana lilikuwa kubwa kuliko yote. Akamtajia Gwamaka safu za jedwali moja moja kwa mpangilio wake: namba ya hereni ya sikioni, tarehe, namba ya bechi, yaani fungu la dawa ya chanjo, na jina la mchanjaji. Gwamaka akajenga jedwali tupu la umbo hilo hilo, akaweka faili chini yake, akasoma. Yakatoka maandishi ya ovyo. Akageuza hivi, akageuza vile, Jumatano yote na Alhamisi yote, hakuchoka wala hakumfokea mtu.

Ijumaa saa tatu asubuhi Subilaga akapiga paja lake. Kumbe kulikuwa na safu ya tano! Mwaka wa kwanza wanachama walisusa kupeleka maziwa siku mbili, wakasema kwao ng'ombe haitwi kwa namba kama mfungwa, ng'ombe ana jina lake. Akawaongezea safu ya jina. Gwamaka akaiongeza nayo, akasoma tena, mistari ikatoka safi. Akaanza kusoma kwa sauti: Tulizana, Kifungua, Mwanambee, Sinahaki, Nanjala, Malkia. Kila jina na tarehe yake na namba ya bechi. Mama Lusajo aliitikia kila jina kama anayeitwa yeye, na machozi yakawa yanamtoka bila kufutwa. Afisa mifugo akalinganisha namba za bechi na kitabu chake, zikalingana. Ng'ombe wakatengwa, wakaangaliwa, na hakuna hata mmoja aliyeugua.

Mwezi uliofuata Malkia akazaa ndama jike. Mama Lusajo akatangaza kwamba huyo ni wa shukrani. Na pale Itulilo ndama wa shukrani hauzwi, hagawanywi, wala hana wenyewe wawili, kwa sababu shukrani ya kugawana huishia kwenye ugomvi. Anakabidhiwa mtu mmoja mbele ya mkutano.

Mkutano ukaitwa. Nilikuwepo, maana mimi nami ni mwanachama.

Waliomtaka Subilaga wakasema bila kumbukumbu yake kisanduku kingeendelea kulinda pumba hadi kiyama, na mafaili yale yangebaki namba. Wengine wakawajibu kwamba angeandika mstari mmoja tu siku ile, kusingekuwa na la kukumbuka.

Waliomtaka Kasyupa wakasema wengine wote walishughulika na kitu alichokiokoa yeye. Kingepondwa, hata malaika asingekisoma. Wengine wakawajibu kwamba hakuokoa ng'ombe, aliokoa kisanduku, tena kwa sababu ya panya.

Waliomtaka Gwamaka wakasema ndiye aliyekiri, ndiye aliyesoma, na ndiye aliyetoka jasho siku zote. Wengine wakawajibu kwamba mtu akikusukuma kisimani kisha akakutoa, utampa mkono wa ahsante au utamtandika kwanza?

Kelele zikawa nyingi. Mama Lusajo akasimama na kamba ya ndama mkononi.

"Nimewasikia," akasema. "Angekosekana mmoja kati yao, wangu wangechinjwa, ni kweli. Lakini Subilaga na Gwamaka wangefanya kazi yao sawasawa, nisingelia hata siku moja. Na Kasyupa angefanya yake sawasawa, leo ningekuwa na zizi tupu. Haya niambieni, kamba nimpe aliyekosea akatengeneza, au aliyekosea ikawa heri?"

Mwenyekiti akaomba watu wanyooshe mikono. Wangu haukunyanyuka. Nilimtazama Subilaga, amekaa karibu na mlango kama anayetaka kuondoka. Nikamtazama Kasyupa, ambaye barua yake ya kufukuzwa meneja alikuwa bado hajaamua kuisaini. Nikamtazama Gwamaka, anayetazama miguu yake. Wa kumnyima sikumwona.

Sasa msinitazame mimi. Ndama ana njaa na anavuta kamba, Mama Lusajo amechoka kusimama, na mkutano hauwezi kufungwa mpaka kamba iwe kwenye mkono mmoja. Anza wewe uliyekaa hapo mwanzo: ungeiweka mkononi mwa nani, na wale wawili ungewaambia nini?