Punda Topeni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mliolazimishwa. Haya, hata mimi leo nimechoka. Sikilizeni hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule, na mwalimu wao wa maadili alikuwa Punda. Mzee wa watu kachoka. Miaka nenda, miaka rudi, somo ni lile lile. Yeye anauliza, "Kumsaidia mwenzako?" Darasa linaitikia, "Ni utuuu!" "Kumsalimu mkubwa?" "Ni adabuuu!" Mtihani ukija, wote wanafaulu. Wazazi wanapiga vigelegele.

Siku moja mvua ikanyesha, ikanyesha, mto ukafura. Punda akapita bondeni kwenda shuleni. Chubwi! Kazama topeni mpaka tumboni. Akivuta mguu, tope linamvuta. Na maji yanapanda.

Wanafunzi hao, wanakuja. Swala, wa kwanza darasani, akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," Punda akajibu kwa mazoea.

Swala huyoo, akaenda zake asichelewe. Akaja Ngedere. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Ngedere mwanangu, ni..."

Ngedere kashapita. Akaja Nguchiro, naye shikamoo, naye akapita. Salamu tele, wa kumshika mkono hakuna. Maji yakafika shingoni. Punda aliumia moyo kuliko mwili, maana watoto hawa kawafundisha mwenyewe.

"Rudini!" akalia. Wakarudi, wakapanga mstari ukingoni. "Kumsaidia mwenzako?"

"Ni utuuu!"

"Basi nisaidieni!"

Wakatazamana. Swala akanyoosha kwato juu. "Mwalimu, hilo litatoka kwenye mtihani?"

Punda akafumba macho. "Halitatoka, mwanangu. Mimi nitakufa tu."

Mara Ngedere akatupa mkoba, akajitosa, akamshika Punda sikio. Nguchiro akamshika Ngedere. Swala akang'ata mkia wa Nguchiro. Vuta! Hoo! Vuta! Hoo! Chopoo! Punda huyo nje, na watoto wameangukiana, matope mpaka puani, wanacheka.

Jioni wazazi wakaja juu, Mama Swala mbele. "Mwalimu, tumekuletea watoto uwafunze adabu. Mbona unaturudishia wachafu hivi?"

"Mama Swala," akasema Punda, "leo ndiyo kwanza wamejifunza."

Mama Swala hakusikia. Alikuwa anamsugua mwanawe kwato, akimkaripia asirudie tena.

Mafunzo ni haya, na wakubwa mnisikie kuliko watoto: maadili ya kuimba darasani hayamwokoi mtu. Mtoto afundishwe kwa kutenda, na akitenda, nyumbani asigombezwe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nipisheni mkekani, nami nijinyooshe.