Kawa Tatu Huku, Kawa Moja Kule

"Nifunue kawa nisifunue?"

"Funua tule!"

Leo mtakula maneno tu, wanangu. Na wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale palikuwa na mji ambao bibi harusi hatolewi ndani bure. Nyanya yake hukaa mlangoni akamtegea bwana harusi fumbo. Akikosea mara tatu, hurudi kwao peke yake, angoje mwaka mzima.

Shekuwe alimpenda Mwanaiki mpaka usingizi ukamhama. Akaja na ami yake, Bwanaheri, mtu wa tumbo yule!

Bi Zuhe, nyanya wa Mwanaiki, akasema: "Mimi na shoga yangu tumepika maandazi kwa idadi sawa. Mimi nimejaza sahani tatu, yakabaki mawili. Yeye kajaza sahani moja, yakabaki kumi na sita. Sahani zote zina maandazi sawa. Kila sahani ina mangapi?"

"Kumi!" akaropoka ami.

"Umekosa."

"Matano!"

"Umekosa!"

"Ami, nyamaza, nakuomba!" Shekuwe jasho linamtoka. Limebaki jibu moja tu.

Mara ndani zikatolewa sinia mbili. Moja ina kawa tatu, vile vifuniko vya ukili vya chakula, na maandazi mawili pembeni. Ya pili ina kawa moja na maandazi kumi na sita. Ami akafunua kawa. Tupu! Akafunua nyingine. Tupu!

"Wanatudharau hawa! Twende zetu!" Na huku anasema, keshabugia maandazi mawili kwenye sinia ya pili.

"Ami! Umeharibu!" Shekuwe akataka kulia. Zile sinia ndizo fumbo lenyewe, kila kawa ni sahani moja, Mwanaiki kamletea, na sasa haziko sawa tena.

Akatazama. Akatazama tena. Akacheka.

"Umekula mawili kule? Basi na mimi nile mawili huku." Akala. Zikawa sawa. Akaondoa kawa moja huku, akaondoa kawa moja kule. Mnaona, wanangu? Huku kawa mbili. Kule maandazi kumi na manne. Akayagawa.

"Saba, bibi! Kila sahani ina saba!"

Ami akaacha hata kutafuna.

"Saba," akasema Bi Zuhe.

Alhamdulillahi! Shekuwe akakaa chini pale pale, machozi na kicheko pamoja.

"Nani kakufundisha, mume wangu?" akamtania Bi Zuhe.

"Njaa ya ami, bibi."

Bi Zuhe akaokota kawa moja, akaipangusa. "Babu yenu nilimtolea hizi hizi. Akadhani nimesahau chakula, akaenda zake. Mwaka mzima nikamlilia." Akageuka mlangoni, akapaza sauti: "Mtoeni mtoto! Asingoje hata kidogo!"

Vigelegele vikapasua paa.

Mimi kawa nimefunika. Mwenye njaa akapike kwao.