Jina la Binti wa Nakijwa

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, katika milima ya Upare aliishi mkulima wa tangawizi aliyeitwa Nakijwa. Akapatwa na maradhi ya kuhara damu. Akapewa dawa za amiba, damu haikukoma. Akakonda hadi jembe likamshinda.

Akashuka mjini kwa daktari Sekela. Sekela akamchunguza utumbo mpana kwa kamera, akaona vidonda.

"Dada, hapa hakuna mdudu," akasema. "Kinga ya mwili wako ndiyo inayoushambulia utumbo. Nitakupa dawa ya kuipunguza makali. Ila kinga ikipungua, maradhi mengine hupata njia. Ukishikwa na homa, usingoje. Njoo."

Akampima kifua kikuu kwanza, akamchanja, ndipo akampa dawa. Damu ikakoma. Nakijwa akarudi shambani, akashika mimba, na kwa agizo la Sekela akaendelea na dawa.

Nyumbani aliishi na wifi yake, Namkunda. Namkunda akaanza kukohoa. Hakungoja kuambiwa, alihamia banda la tangawizi, katika baridi ile ya mlimani. Majirani wakasema amefukuzwa na mke wa kaka yake. Akawaacha waseme. Alipopimwa, kweli kilikuwa kifua kikuu. Akatibiwa, akapona. Nakijwa naye akapimwa, akakutwa salama.

Mimba ilipokuwa kubwa, Nakijwa akashikwa na homa. Mvua ilikuwa imekata barabara. Wanaume wakasema, "Ni homa ya kawaida, tungoje mvua ipungue."

Mama mkwe wake, Nambike, akasimama. "Kwenu ni ya kawaida. Kwa huyu siyo."

Akatengeneza machela kwa mikono yake, akashika mti wa mbele. Wanaume wakaona haya, wakamfuata katika tope hadi kwa Sekela. Ilikuwa nimonia. Kwa kuwa aliwahi, Nakijwa alipona, na baadaye akajifungua binti mwenye sauti ya kusikika hadi bondeni.

Siku ya kumpa mtoto jina, Sekela alipanda mlima.

"Wengi walimtibu," akasema, "ila mimi ndiye niliyejua anaumwa nini. Bila dawa yangu, angeipataje mimba? Aitwe Sekela."

"Dawa hiyo hiyo ilimwacha bila ngao, daktari," akasema Namkunda. "Ningelala ndani, ningemwambukiza. Nilivumilia baridi na masengenyo. Aitwe Namkunda."

"Mwanangu, wewe ulimwepusha na ugonjwa," akasema Nambike. "Mimi nilimbeba wakati ugonjwa umeshamkamata. Na kwa desturi yetu jina ni la bibi. Aitwe Nambike."

Nakijwa akawatazama wote watatu, kifua kimemjaa fahari.

"Wapo wanaokosa hata mtu mmoja wa kuwasimamia," akasema. "Mimi ninao wa kugombania jina la mwanangu. Lakini aliyemeza dawa zile bila kuacha ni mimi, kwa hiyo kuchagua ni kwangu."

Akamwinua mtoto wote wamwone, akataja jina moja.

Ninyi mnaonisikiliza, mngekuwa ninyi Nakijwa, mngetaja lipi? Je, kati ya wale watatu, nani alistahili?