Kwa Nini Mng'oa Meno Huzunguka Nyuma ya Kiti

Ninyi mnaosubiri zamu kwenye benchi hilo mmeniona nikizunguka nyuma ya mgonjwa na kumkumbatia kichwa, na tayari mmeanza kunong'ona. Basi sikilizeni, niwape sababu yake.

Hapo kale meno hayakuwa na mizizi. Yalikaa juu ya fizi tu, kama punje za muhindi kwenye gunzi, na mtu aliyeumwa na jino alilidondoa kwa kidole akaendelea na mambo yake. Raha iliishia hapo. Kicheko kikizidi, meno ya juu yalimwagika ugalini, kwa hiyo ilikuwa mwiko kumchekesha mtu anayekula. Meno yakachoka kuokotwa. Yakamwendea Muumba kuomba yashikizwe, naye akayapa mizizi. Ya mbele, yenye kazi ya kukata tu, yalipata mmoja mmoja. Magego ya chini, yanayobeba mzigo wa kusaga, yalipata miwili. Magego ya juu yalilia kwamba yananing'inia, yakaongezewa wa tatu. Watu wakala huku wakicheka, na hakuna aliyeuliza jino likioza litatokaje.

Swali hilo lilimwangukia Makiwa, mke wa Semhando mhunzi. Gego lake la chini, upande wa kulia, lilioza akiwa na mtoto mchanga. Shavu likavimba, uji haupiti, maziwa yakaanza kukauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamwisha. Semhando aliona wazi kwamba jino lile likibaki, atazika wawili.

Fundi hukimbilia anachokijua. Akafua koleo dogo, akalipinda mdomo lipate kuibana shingo ya jino, na hapo simlaumu. Langu hili limefuata umbo lile lile. Kosa lake lilikuwa pale aliposimama. Alisimama mbele ya mkewe kama anavyosimama mbele ya tanuri, akalibana gego, akalivuta kwake kwa nguvu zote, jinsi chuma kinavyochomolewa motoni kabla hakijapoa. Makiwa alivutika pamoja na kigoda alichokalia, wakaanguka wote wawili. Jino lilimeguka kipande tu, wala halikutikisika.

Alipoinua koleo tena, Makiwa alimshika mkono.

"Mume wangu," alisema kwa taabu, "mimi si chuma. Umeshang'oa muhogo wewe?"

"Mihogo unang'oa wewe."

"Ndiyo maana hujui. Ukiuvuta kwa pupa unakatikia ardhini. Unautikisa huku na huku mpaka udongo uuachie. Bandu bandu huisha gogo. Na njoo nyuma yangu, unishike nisikukimbie."

Semhando, ambaye hakuna aliyewahi kumwamuru mbele ya fuawe lake, alizunguka. Akakiegemeza kichwa cha mkewe tumboni mwake, akalikingia taya kiganja cha kushoto, na koleo likashuka juu ya gego bila mkono kukatiza uso. Akalisukuma kuelekea shavuni, akalirudisha kuelekea kwenye ulimi, taratibu, tena na tena. Mfupa ukalegea. Gego likatoka na mizizi yake yote miwili, mizima.

Makiwa alihisi maji yakimdondokea kwenye paji la uso, akadhani ni jasho la fundi. Alipogeuka alimkuta mumewe analia kwikwi kwa hofu aliyokuwa ameimeza muda wote ule. Yeye mwenyewe hakuwa na chozi. Aliuma kitambaa safi, akamchukua mtoto, akampa titi.

Na tangu siku hiyo, mng'oa meno anayetumia mkono wa kulia akikutana na gego la chini la kulia, huzunguka nyuma, hukumbatia kichwa, hulitikisa kwanza ndipo hulitoa. Watu husema tunafanya hivyo ili mgonjwa asikimbie. Ni kweli. Lakini pia ni ili asituone nyuso.

Haya, mama mwenye shavu, karibu kitini. Mkono wangu hautetemeki.