Jiwe la Bi Paa na Kijicho cha Bi Kima

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Mbona mmeitikia kama mmefunga tangu juzi? Na nyie watu wazima mlioegemea ukuta, midomo mnayo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu hakuikuta, katika nchi ya mbali ya milima na ukungu, palikuwa na bonde jembamba. Upande huu wa bonde palikuwa na kilima. Kilima si mchezo! Kirefu, cha kijani, kina miti ya matunda, kina maporomoko ya maji. Maji yanashuka mwaaa! mwaaa! mchana na usiku. Hapo alikaa Bi Kima na binti yake, Tunu.

Upande wa pili palikuwa na jiwe. Jiwe tu. Jeusi, bapa, lina mabaka kama kichwa chenye mapunye. Katikati lina kishimo cha kutuama maji ya mvua. Hapo alikaa Bi Paa.

Bi Kima na Bi Paa walikuwa mashoga. Mmoja alikuwa na macho, mwenziwe alikuwa na pua. Bi Kima alikaa tawi la juu kabisa, akiona nyasi zinatikisika zenyewe bila upepo, hupiga kelele: "Kho! Kho! Kho!" Bi Paa akasikia, akakimbia. Na Bi Paa chini, akinusa harufu ya Chui, hupiga mguu du! du! akapuliza pua: "Fyuu!" Bi Kima akasikia, akampakata Tunu, akapanda juu. Hivyo ndivyo walivyoishi. Chui alikonda mpaka mbavu zikahesabika.

Basi siku moja akaja mtawa. Mtawa wa wale wafuasi wa Budha, kichwa kimenyolewa, shuka la rangi ya manjano, bakuli mkononi. Hana kitu kingine. Ametembea mpaka nyayo zimepasuka. Akafika kwanza kwenye kilima cha Bi Kima. Nasema kwanza, mnisikie vizuri! Akasimama penye maporomoko, akanywa maji, akatazama pa kuketi.

Bi Kima akamwona. "Ala! Mwizi wa matunda huyo!" Akachuma kokwa, akamtupia. Pa! La bega. Pa! La kichwa. "Toka! Toka kwangu!"

Mtawa akainamisha kichwa. Akateremka, akavuka bonde, akafika kwenye jiwe la Bi Paa. Na mvua hiyo, ikaanza. Mvua ya mawe! Bi Paa alikuwa amelala sehemu ya jiwe iliyoinama, pale pasipofika mvua. Akamtazama yule mtu. Moyo unamdunda, maana watu anawajua, watu wana mishale. Lakini akaona miguu ile inavyotoka damu.

Akainuka. Akasogea. Akamwachia sehemu kavu, yeye akalala upande wa mvua. Mtawa akaketi, akafumba macho. Mvua ilipokatika akamwinamia Bi Paa, akaenda zake. Basi. Hakuna zaidi. Hakuruka angani, hakutoa moto kinywani.

Lakini palikuwa na mchungaji mmoja aliyeona kwa mbali. Akafika kijijini, akasema, "Jamani, nimeona mtawa ameketi kando ya paa, na paa hakukimbia!" Kesho yake mwanamke mmoja akaja na maua, akayaweka juu ya jiwe. "Hapa ndipo alipokaa," akasema.

Wiki ya pili wakaja wengine. Mmoja akaona kile kishimo. "Tazameni! Si wayo huu? Ameacha wayo wake kwenye jiwe!" Mwingine akasema mvua ilimwogopa, haikumgusa. Wa kijiji cha tatu wakasema hakuwa mtawa, alikuwa Budha mwenyewe! Mimi simo. Mimi nasimulia tu.

Watu wakaja, wakaja, wakaja. Njia ikachimbika kwa miguu. Wakivua viatu, wakilizunguka jiwe, jiwe mkono wa kuume, kimya kimya. Wakaweka maua, wakaweka ubani, wakaweka ndizi mbivu. Mwindaji akifika pale huweka upinde chini, kwa sababu mahali hapo hapamwagwi damu. Mnaona mahali panavyokuwa patakatifu? Hapachongwi kwa nyundo. Panachongwa kwa midomo na nyayo za watu.

Na Bi Kima je?

Ah, usiniulize! Bi Kima roho ilimuuma. Alikaa tawi la juu akitazama ile misururu, donge limemkaa kooni, haliendi chini wala halirudi juu.

"Jiwe lile?" alisema. "Jiwe lenye mapunye? Mimi nina maporomoko! Nina kivuli! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sasa mbona kibaya ndicho kinachonunuliwa? Na mtu yule alipita kwangu kwanza! Kwangu!"

"Mama," Tunu akasema, "si ulimpiga kokwa?"

"Nyamaza! Nani amekuuliza?"

Bi Paa alipomwita, "Shoga, njoo ule ndizi, zimejaa mpaka zinaoza!" Bi Kima alijibu, "Nimeshiba." Hajala tangu asubuhi, tumbo linanguruma! Lakini Tunu alishuka, akavuka, akala. Akirudi ananuka ubani, na mama yake anageuza uso pembeni.

Siku zikapita. Kijicho hakilali. Siku moja Bi Kima akasema, "Kumbe kinachowavuta ni wayo. Wayo tu! Na mimi nitawapa wayo."

Akaenda penye udongo laini, karibu na maporomoko. Akatafuta pahali pazuri. Akakanyaga. Akakanyaga kwa nguvu zote, pwata! Akautoa mguu polepole. Wayo huo, safi. Akauacha ukauka juani. Kisha akaenda kwenye jiwe la shoga yake, akaiba maua ya watu, akayadondosha moja moja njia nzima mpaka kilimani.

Mahujaji wakaona maua. "Jamani, kuna mahali pengine?" Wakafuata. Bi Kima yuko juu, mkia umesimama kwa furaha. Wakafika. Wakavua viatu. Wakainama.

Palikuwa na bibi mmoja mzee katika msafara, jina lake Dolma, ametembea kutoka mbali, fimbo mkononi. Akatazama ule wayo. Akatazama tena. Akaguna.

"Huu wayo," akasema, "una kidole gumba kimekaa pembeni kama cha mkono. Mwenye mguu huu hatembei njiani. Mwenye mguu huu anakula mitini."

Kicheko! Walicheka mpaka wakashika mbavu. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Wakanywa maji, wakasifu kivuli, wakavaa viatu, wakarudi zao kwenye jiwe.

Bi Kima juu kule alitamani mti ummeze. Hasidi hana sababu, wazee walisema, na sasa alijipatia moja. "Amenifanya kichekesho kwa watu," akasema. "Paa! Yeye ndiye aliyewafundisha wanicheke." Na Bi Paa wa watu hana habari, yuko kule anacheua majani yake.

Tangu siku hiyo Bi Kima hakumwita tena shoga. Hakumwita kwa lolote.

Sasa kaeni vizuri. Wewe mtoto, mwache mwenzio.

Adhuhuri moja, jua kali, mahujaji wameteremka bondeni kupika. Jiwe liko peke yake. Upepo unatoka kwenye jiwe kwenda nyasini, haurudi. Pua ya Bi Paa haipati kitu. Bi Kima yuko tawi la juu, kama kawaida yake.

Akaona nyasi zinatikisika. Nya! Zikatulia. Nya! Zikatulia. Akaona sikio. Akaona doa, akaona madoa. Chui.

"Kho" ikapanda. Ikafika kooni. Hiyo ndiyo kazi yake, hata hakuhitaji kufikiri. Lakini kooni lilikuwepo donge, na donge likaizuia.

"Si ana mtakatifu wake?" Bi Kima akasema moyoni. "Si ana wayo, ana maua, ana ubani? Amwite huyo Budha wake. Mimi ni nani? Mimi ni wa kuchekwa."

Akameza ile "Kho". Akakaa kimya. Akatazama.

Nya! Nya! Chui anatambaa.

Alichokuwa hajui ni hiki: alidhani Tunu amelala tawi la chini. Tunu hakuwa amelala tawi la chini. Tunu alikuwa nyuma ya jiwe, ameshika ndizi kwa mikono miwili, anakula, mgongo ameuelekeza kwenye nyasi.

Bi Paa akainua kichwa. Akamwona Chui, kashakaribia. Paa ana miguu ya kuruka, jamani. Mruko mmoja tu, angekuwa ng'ambo. Lakini akamwona na mtoto. Na pale jiwe ni upara, mti wa kupanda uko mbali.

"Fyuu! Tunu, mtini! Mtini!"

Du! Du! Du! akapiga mguu. Kisha akafanya jambo ambalo paa hafanyi. Akakimbia kuelekea kwa Chui! Akampita puani, akaanza kuchechemea, kama aliyevunjika. Chui akamwacha mtoto, akageuka. Bi Paa akachechemea kuteremka, mbali na jiwe, mbali na Tunu, mpaka kwenye vichaka.

Tunu akakimbia, akapanda mti. Bi Kima ndipo alipomwona mwanawe. Ndipo alipopiga kelele. "Kho! Kho! Kho! Khooo!" Alipiga mpaka sauti ikakauka. Ilikuwa imechelewa. Vichakani palikuwa kimya.

Bi Paa hakurudi.

Bi Kima aliteremka mbio, akavuka bonde, akafika chini ya mti. "Tunu! Mwanangu! Shuka, mama, shuka nikushike!"

Tunu hakushuka. Ameng'ang'ania tawi, ndizi bado mkononi.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu, mwanangu. Kwenye tawi langu."

"Lile la kuonea kila kitu?"

Bi Kima akageuka kulitazama lile tawi.

"Mama, ulimwona Chui?"

Bi Kima akatazama chini.

"Ulimwona," Tunu akasema. Akaanza kulia. "Ulimwona tangu mwanzo, ukanyamaza!"

"Sikujua kama wewe upo pale! Wallahi sikujua!"

"Lakini Bi Paa ulijua yupo," Tunu akasema.

Na Tunu hakurudi tena kilimani. Alibaki kwenye jiwe. Mama yake alimbembeleza, alimletea matunda, alilia machozi ya kweli. Mtoto akamgeuzia mgongo.

Mahujaji walipopanda walikuta nyayo za paa, zinakwenda zikichechemea, na penye vichaka wakaona damu. Wakamkuta mtoto wa kima analia. Tunu akawasimulia. Zamani zile wanyama wakisema watu walikuwa wanasikia. Bibi Dolma akaokota jiwe dogo, akaliweka pale penye damu. Kila mtu akaweka lake. Kikawa kichuguu cha mawe, juu yake maua. Na watu sasa wakizunguka mahali pawili: pale alipoketi mtawa, na pale alipoanguka Bi Paa.

Na mtaamini? Bi Kima alikaa juu kule akakitazama kile kichuguu, na katikati ya majuto, katikati ya kilio, akasikia roho inamuuma tena. "Hata kifo chake kina maua," akasema. Uuuh! Kijicho ni maradhi, wanangu. Kinamwonea wivu hata maiti.

Msimu ukapita. Asubuhi moja Bi Kima akasikia miguu. Miguu mingi! Inapanda kilima chake. Akaruka kwenye tawi, akachungulia. Mahujaji! Msafara mzima! Wazee, watoto, watawa wenye mashuka ya manjano. Wamepita jiwe, wamepita kichuguu, wanakuja kwake!

Moyo ukamwenda mbio. Akajipangusa manyoya, akang'oa majani makavu mkiani. "Wamekuja," akasema. "Wamekuja kwangu!"

Wakafika chini ya mti wake. Wakavua viatu. Akatazama mikono yao. Haikuwa na maua, haikuwa na ndizi wala ubani. Mwanamke mmoja akamnyanyua mtoto wake juu, akamwonyesha lile tawi, akamwonyesha bonde lote lilivyo wazi kutoka pale, jiwe, nyasi, vichaka, kila kitu.

"Mwanangu," akasema, "hapa ndipo alipokaa yule aliyeona, akanyamaza."

Mtoto akatazama. Wote wakatazama. Kisha wakavaa viatu, wakateremka. Na kesho yake wakaja wengine. Na kesho kutwa wengine. Mpaka leo wanapanda.

Basi nyie mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Mahali hapatakaswi na urefu wala maporomoko, hutakaswa na wema uliotendeka hapo. Na mwenye kijicho akimnyamazia mwenziwe penye hatari, amemnyamazia na mwanawe.

Hadithi yangu imekomea hapo. Iliyo tamu mwende nayo, iliyo chungu mniachie mwenyewe.