Pimbi Azindua Tanuri la Ndovu

Wajukuu zangu, mpo?

— Tupo, bibi, tumekaa kitako.

Nisimulie au nijilalie zangu?

— Simulia, usingizi tumeufungia nje.

Haya. Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Somoe, jikoni kwake, tumezunguka mafiga, moshi unatutoa machozi na hakuna anayetaka kutoka. Siku hizi mnapika bila moshi na mimi nafurahi, kifua changu kimepona. Lakini jamani, lile jiko la shangazi nalikumbuka. Alikuwa akifika pale panaponoga anaacha kusimulia, anaonja mchuzi, sisi roho juu. Natamani nimsikie tena hata mara moja.

Basi hapo kale palikuwa na kilima, na juu ya kilima palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka chururu, chururu, chini ya miti mikubwa, na wanyama wote walikunywa hapo. Jirani kabisa na chemchemi aliishi Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayependa kuota jua juu ya jiwe. Aliishi na mama yake, mzee, miguu imechoka, akitembea kidogo anakaa.

Mwenyekiti wa halmashauri ya kilima alikuwa Ndovu. Akipita, tii! tii! ardhi inatikisika. Na Ndovu alipenda miwa kuliko kitu chochote. Miwa ilikuwa bondeni kwa Nguruwe, na Nguruwe hatoi muwa mpaka apelekewe mkaa. Basi Ndovu anaangusha miti, anachoma mkaa, anakula miwa. Anaangusha, anachoma, anakula. Kilima kikabaki wazi ila pale chemchemi tu, jua likapiga, mvua ikawa ya kubahatisha. Chemchemi nayo, chururu ikawa churu, churu ikawa chu.

Wanyama wakaitana barazani. Ndovu mwenyewe ndiye aliyeongoza kikao. Wakapitisha: mkaa basi, tupande miti, tupike kwa jiko la jua. Ndovu akapiga makofi kuliko wote. Miche ikaletwa, jiko la jua likaletwa, vyote vikawekwa uani kwa Ndovu.

Vikakaa hapo. Vinangoja nini? Vinangoja uzinduzi. Desturi ya kilima kile, kitu cha halmashauri hakiguswi mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni Ndovu, na Ndovu hana nafasi. Miche ikaanza kunyauka. Na huko nyuma ya nyumba Ndovu anachimba tanuri jipya la mkaa, kubwa, la kumeza miti yote iliyobaki pale chemchemi.

Mama yake Pimbi akasema, "Mwanangu, wenzetu wanafunga mizigo wahamie mtoni. Mimi mtoni sifiki. Nenda nao, mimi niache hapa hapa."

Pimbi aligeuka upesi. Alikwenda nyuma ya jiwe akalia. Alipomaliza akajifuta macho, akaenda moja kwa moja kwa Ndovu.

"Hodi. Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya miche, sina nafasi."

"Miche ya nini? Mimi nimekuja kwa habari ya tanuri. Nasikia unalo jipya. Limezinduliwa?"

Ndovu akajikuna sikio. "Bado."

"Mwenyekiti mzima unawasha tanuri kimyakimya, kama mwizi wa kuku? Bila ngoma, bila vigelegele?"

"Lakini tulipitisha kwamba mkaa basi."

"Mheshimiwa, kwani nani huuliza kinachozinduliwa? Watu wanakuja kwa ajili ya ngoma."

Ndovu akaona ni kweli. Akauliza, "Na mimi nitafanya nini?"

"Mgeni rasmi anapanda mti. Shimo anachimba mwenyewe, maji anamwagia mwenyewe, na sisi tunasimika kibao chenye jina lake."

Kusikia jina lake, Ndovu alikwisha kubali.

Kesho yake ngoma zikalia pale chemchemi. Ndovu akachimba kwa mguu, di! di! Akapanda mche. Akamwagia maji kwa mkonga, fyuuu! Vigelegele. Kibao kikasimikwa: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA NDOVU. Akakisoma, akarudi nyuma, akakisoma tena.

"Sasa niwashe?"

"Uwashe vipi, mheshimiwa? Leo tumezindua shimo la tanuri. Kuni hazijazinduliwa."

Kesho yake wakazindua kuni. Di! di! Fyuuu! Vigelegele, kibao.

"Sasa niwashe?"

"Udongo wa kufunikia haujazinduliwa."

Wakazindua udongo. Wakazindua njia ya kupitishia magunia, wakazindua magunia yenyewe, gunia kwa gunia. Siku moja Ndovu akaona njaa katikati ya sherehe, Pimbi akasema basi tuzindue na jiko la jua, mheshimiwa apate chakula. Ndovu akala mahindi ya kuchemsha, akaomba mengine. Tangu siku hiyo wanyama wakalitumia, ruhusa wameshaipata.

Na miche ikishapandwa, Pimbi hakumwacha apumzike. "Mheshimiwa, mti wenye jina lako ukikauka, watasemaje?" Basi Ndovu kila asubuhi yuko njiani, mtoni na kilimani, mkonga umejaa. Fyuuu! Fyuuu! Anahema, lakini anakwenda.

Miche ikaisha uani, mvua zikanyesha, nayo ikashika. Ndovu sasa alikuwa na hamu ya miwa, hali wala halali. Akasema, "Leo hakuna uzinduzi. Leo naangusha miti, nawasha."

Akaja mbio, tii! tii! Akauendea mti mkubwa wa zamani, ule uliofunika chemchemi. Akaweka paji la uso ausukume. Mbele ya macho yake kuna kibao: MTI HUU UNATUNZWA NA MHESHIMIWA NDOVU. Akaenda wa pili, kibao. Akazunguka kilima kizima. Kila mti, mkubwa na mdogo, jina ni lake.

"Pimbi! Nani amekuruhusu?"

"Nisamehe, mheshimiwa. Wewe angusha tu, kibao nitakibadilisha. Niandike umeangushwa na Mheshimiwa Ndovu?"

Ndovu akatazama. Wanyama wote walikuwa wamesimama, mizigo kichwani tayari kuhamia mtoni, wanamwangalia yeye. Akautazama mti. Akakitazama kibao. Akapangusa tope kwenye herufi za jina lake, akakaa chini ya kile kivuli, akasema kwa sauti ndogo, "Nguruwe mwambieni mkaa umekwisha."

Wakatua mizigo. Mama yake Pimbi akatoka nje, polepole, anatembea anakaa, anatembea anakaa, mpaka chemchemi. Akainama akanywa maji. Pimbi alisimama kando anamtazama mama yake anakunywa.

Na fundisho lake, kama alivyolisema shangazi Somoe, uso mkavu kabisa: msipande mti wowote mpaka aje mgeni rasmi, kwa sababu mti hauoti bila hotuba. Akishasema hivyo alikuwa akicheka mpaka anakohoa, na sisi tunampiga mgongoni.

Mzigo wangu nimeutua hapo. Mwenye kichwa kizima ajitwishe, aliyechoka aniachie, nitaubeba mwenyewe.