Jiwe la Jina Moja

Mjini kwetu Ilundo kuna watu watatu wenye vipaji. Subilaga, mpishi wa shule, akishakaa mahali hakuna wa kumwondoa. Mama Tusajigwe, karani mstaafu, hajawahi kutupa karatasi. Ambakisye, fundi mwashi, akigonga ukuta anajua kama ni mzima au mbovu. Vipaji vizuri sana. Vimenichosha.

Jumatatu moja asubuhi tingatinga lilikuja, ofisa ardhi na injinia wakilifuata, kubomoa chuo cha zamani cha ualimu, jengo la matofali ya kuchoma lililojengwa na babu zetu, ambalo sasa ndiyo shule yetu ya msingi.

Subilaga alikuwa ameshainjika sufuria la makande mbele ya mlango. "Mwanangu," akamwambia dereva, "haya ni ya watoto mia mbili. Hayajaiva, hayahami." Dereva naye ana mama. Akazima mashine, makande yakachukua saa nne.

Katika saa hizo nne Mama Tusajigwe akapekua sanduku lake, akaja na barua ya ukoo uliotoa ardhi: jengo likivunjwa, ardhi inarudi kwa wenyewe. Ofisa ardhi akaisoma mara mbili. "Mama, hii umeitoa wapi?"

"Chini ya magazeti ya mwaka sitini na nane."

Injinia akasema barua haizuii ukuta wenye ufa kuanguka. Ambakisye akabandua lipu mpaka tofali likaonekana zima, halafu akawasimamisha wanawe wawili chini ya ufa. "Gonga mwenyewe, Injinia. Kwa nguvu." Injinia akagonga, ukuta ukatulia. Tingatinga likarudi lilikotoka.

Tukawahamishia watoto chini ya turubai, tukisema ni kwa mwezi mmoja tu, tukakarabati jengo. Kisha tukachongesha jiwe la ufunguzi, na hapo tukajiharibia wenyewe. Mchongaji alianza kwa herufi kubwa mno: JENGO HILI LILIOKOLEWA NA. Ikabaki nafasi ya jina moja! Jiwe jingine? Askofu alishalibariki hili, na kwetu jiwe lililobarikiwa halitupwi. Wala mlango haufunguliwi jiwe likiwa halijakamilika.

"Bila makande yangu mngeokoa kifusi," anasema Subilaga.

"Makande yangeiva, halafu?" anauliza Mama Tusajigwe.

"Na hiyo barua ingeshikilia ukuta?" anadakia Ambakisye.

Tulipopendekeza iandikwe WANANCHI, wote watatu walikuja juu: wananchi gani, wale waliokuja kutazama? Wana haki wote, na hilo ndilo linaloniudhi.

Huu ni mwaka wa pili. Mimi ndiye mwalimu wa darasa la pili, chini ya turubai hilohilo. Jana mvua ilifuta hesabu zangu ubaoni, na Gwantwa, mwenye miaka minane, akanionyesha ule mlango uliofungwa. "Mwalimu, mle ndani kunavuja?" Hakuvuji hata tone.

Haya, wewe uliyenisikiliza, mchongaji ameshika tindo. Ungemwambia achonge jina la nani? Sema upesi, wingu limeshafunga.